Majira ya Kumtembelea Mama

Jumamosi ya kwanza ya Novemba, baada ya chakula cha mchana, Saimi Kemppainen alipiga magoti ndani ya sauna yake, kijumba cha kuogea mvuke, akasugua mabenchi kwa brashi na sabuni. Alianza na benchi la juu, kwa kuwa hapo ndipo mumewe hupenda kukaa. Akachota maji kisimani, akajaza pipa, akapanga kuni chini ya mawe, akawasha. Kisha akapanda darini kuteremsha vitita, vile vitita vya matawi ya mti wa gome jeupe ambavyo watu wa kijiji cha Korpivaara hujipigia mgongoni mvuke unapopanda, akaviloweka kwenye ndoo ya maji moto ili majani yalegee. Marehemu wake walikuwa wanafika magharibi, na hakuna aibu kubwa kama marehemu kukuta sauna imepoa.

Simu ikalia nyumbani. Saimi alijifuta mikono kwa aproni, akavuka uwanja wa matope, akaipokea. Alikuwa Ilpo, mwanawe wa pekee, kutoka Uswidi, ambako tangu ujana wake alikuwa akifunga milango ya magari kiwandani.

"Hujambo, mama? Unafanya nini?"

"Nawasha sauna."

"Ah! Kumbe ndiyo leo?"

"Kila mwaka ni leo."

"Basi msalimie baba."

"Ungekuja ukamsalimia mwenyewe."

Ilpo akacheka. Alikuwa na kicheko kizuri, cha mtu asiyemchukia mtu. "Novemba, mama! Nani anakuja Ufini Novemba? Giza, tope, mvua ya theluji. Hata mbwa hakubali kutoka nje. We niambie, majira gani ni mazuri ya kuja huko? Mimi na Gunilla tunataka kuja kwa kweli. Ila tuje wakati mzuri."

"Njoo tu, mwanangu."

"Tutakuja, mama. Ila wakati mzuri."

Magharibi ya Novemba huko huingia mapema, kabla watu hawajamaliza kahawa ya alasiri. Saimi alikuwa amekaa kwenye baraza ya sauna alipowaona wakija kwa njia ya ziwani, kutoka makaburi ya kanisa. Mbele alikuwa mumewe Taavetti, na mabuti yale yale ya sufu aliyozikwa nayo. Nyuma yake mama mkwe Reeta na fimbo yake, na nyuma zaidi watu wa ukoo waliokufa zamani sana, ambao Saimi hakuwajua hata majina. Hao hukaa benchi la chini bila kusema neno, na hawana matata.

Wakapangusa miguu, wakavua, wakaingia. Desturi ni marehemu waoge kwanza na aliye hai angoje nje, awapitishie maji mlangoni. Saimi alingoja akiisikiliza milio ya vitita juu ya migongo. Kisha wote wakaenda mezani, kwenye nyama ya kondoo, viazi, na vile vikate vya viazi na matunda mekundu ya msituni. Chakula hakikupungua sahanini, ila kikishaliwa na marehemu hubaki hakina chumvi hata chembe. Saimi hula masalio hayo kwa siku kadhaa, na wala haongezi chumvi.

"Ilpo anakusalimu," alimwambia mumewe. "Anauliza majira gani ni mazuri ya kuja."

Taavetti alitafuna polepole. Enzi za uhai wake pia hakuwa mtu wa kukurupuka. "Bado anauliza?"

"Bado."

"Yaani anachagua!" akasema Reeta, akagonga fimbo sakafuni. "Sisi mlango wetu ni mmoja, mke wa mwanangu. Ni Novemba, na ni leo. Ukiukosa umeukosa. Mvua inyeshe, tope lifike magotini, tunakuja. Huyo ana mwaka mzima na miguu mizima, naye anachagua!"

Saimi alimwongezea Reeta viazi. Kumsema mtoto wako mwenyewe ni jambo moja, kumsikia akisemwa ni jingine.

Mwanzoni, miaka ile simu ilipokuwa ngeni nyumbani kwake, Saimi alidhani lile ni swali. Akalijibu kama mtu mzima anavyojibu swali. Alisema njooni Julai, jua halizami na ziwa lina joto. Ilpo akazungumza na mkewe, akarudi na habari ya mbu. Basi njooni Septemba, mbu wamekufa, misitu imewaka nyekundu na njano, kikapu cha matunda unajaza ukiwa umesimama pale pale. Ilpo akasema Septemba kiwandani hawatoi likizo, ila ni kweli, Septemba ni nzuri mno, na mwaka mmoja lazima. Machi, basi. Machi theluji imeganda ngumu, unatembea juu yake kama sakafuni, na jua linawaka kutwa. Loo, Machi! Ilpo aliipenda Machi kuliko miezi yote, ila Gunilla aliwahi kuteleza akavunjika kifundo cha mguu. Krismasi kuna giza, na Krismasi ni ya wazazi wa Gunilla. Aprili barabara zinayeyuka, gari litazama. Hapo alikuwa na haki, Aprili magari huzama.

Waholanzi walionunua ile shule ya kijiji, iliyofungwa kwa kukosa watoto, walikuja majira yote na wakayasifu yote. Walikuja hata Aprili. Gari lao likazama, wakalipiga picha, na jioni wakaja kwa Saimi kunywa kahawa wakiwa wamejaa tope hadi masikioni na furaha tele. Saimi aliwamiminia kahawa akiwatazama, moyo ukimuuma. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na la kwake lilishaumia hadi likazoea.

Alichokitaka hakikuwa kikubwa. Alitaka mwanawe aingie kwa mlango ule, avue viatu, akae kwenye kiti kilicho karibu na jiko, ale mpaka aseme ameshiba. Hakuwa amemwona tangu mazishi ya Taavetti, na hata siku hiyo Ilpo aliondoka kahawa ya msibani ikiwa bado moto, ili awahi meli.

Kisha mwaka uliofuata, mwezi Mei, Ilpo akapiga simu akasema wanakuja. Sikukuu ya kiangazi, ile ya jua lisilozama. Tiketi ya meli ameshashika mkononi.

"Na mbu?" akauliza Saimi, kwa kuwa hakuamini masikio yake.

"Tumenunua dawa ya mbu, mama."

Saimi alipaka rangi baraza nzima. Aliosha mazulia ziwani kwa sabuni, akayaanika kwenye ua. Jirani yake Vilho, mzee mjane wa ng'ambo ya shamba, alimnolea visu na kumletea samaki aina ya kuha, akajialika mwenyewe kwenye kahawa ya wageni. Asubuhi ya sikukuu Saimi aliingia msituni kukata matawi, maana vitita hufungwa siku hizo tu, majani yakiwa laini na hayajaanza kupukutika. Alifunga vya marehemu. Alifunga chake. Halafu akafunga kimoja kikubwa, cha majani mazito, akakizungusha kamba ya tawi mara mbili kwa uangalifu. Hicho kilikuwa cha Ilpo, ajipigie kikiwa kibichi siku hiyo hiyo, kama alivyokuwa akifanya alipokuwa kijana.

Mchana Vilho alifika amefunga tai. Wakakaa wakitazama barabara. Simu ikalia.

"Mama, tuko bandarini," akasema Ilpo. "Foleni ya magari haina mwisho, jua kali, mgongo wa Gunilla unamsumbua. Tumeona heri tugeuze. Sikiliza, vuli, mama! Majani yakianza kuwaka. Hayo ndiyo majira yenyewe, nimeulizia kwa watu."

"Nimeshaandaa meza, Ilpo."

"Ndiyo maana nasema vuli. Na wewe upumzike kidogo."

Saimi akarudisha simu mahali pake. Alikichukua kile kitita kikubwa, akapanda nacho ngazi ya darini. Vilho akamfuata hadi chini ya ngazi, tai yake shingoni. Darini kulikuwa na boriti mbili. Ya karibu na dirisha ilikuwa ya vitita vya walio hai. Ya ndani, chini ya paa lenyewe, ilikuwa ya marehemu, na tangu bibi zao hakuna aliyethubutu kuzichanganya. Saimi aliipita ya kwanza. Akakitundika kitita cha Ilpo kwenye boriti ya ndani, kati ya cha Taavetti na cha Reeta.

"Saimi," akasema Vilho kutoka chini. "Hiyo boriti si ya walio hai."

"Naijua boriti yangu."

"Kinachotundikwa hapo ni cha kwao."

"Wao huja!" akasema Saimi. "Mguu kwa mguu, kwenye tope, wakiwa wafu, wanakuja! Naye atundikwe na wanaokuja, labda atajifunza."

Vilho alirudi mezani, akanywa kahawa ya wageni na kula keki ya wageni, kwa kuwa kuiacha ingekuwa kumwongezea mama wa watu uchungu.

Septemba misitu iliwaka, kisha ikazima. Kiwandani kulikuwa na kazi za ziada. Oktoba majani yakaoza njiani, na Ilpo akasema kwenye simu kwamba mwakani watapanga mapema.

Novemba ikaja na mvua yake ya theluji. Saimi alisugua mabenchi, akaanza na la juu. Alipopanda darini kuteremsha vitita vya boriti ya ndani, mkono wake ulisita juu ya kile kikubwa. Majani yake yalikuwa yamekauka vizuri, bado ya kijani. Hasira ilikuwa imemtoka zamani, na alifikiria kumrudishia mwanawe kitita chake kwenye boriti ya dirishani. Akakishika, naye akakihisi kizito, kama vitita vya marehemu vinavyokuwa vizito siku hiyo. Akakishusha na vingine, akakiloweka.

Walipotokea njiani, Taavetti alikuwa mbele kama kawaida, na Reeta nyuma yake. Nyuma ya Reeta kulikuwa na mtu mnene aliyevaa koti la kiwandani na viatu vyepesi vya mjini, akitembea kwa kuruka ruka, akichagua pa kukanyaga ili asiingie topeni. Mama hasahau mwendo wa mwanawe. Saimi aliinuka, akaushika mlango wa sauna kwa mikono miwili.

"Umekuja," akasema.

"Nimekuja, mama." Ilpo aliviangalia viatu vyake. "Tope gani hili, jamani?"

"Ni Novemba."

"Naona."

"Kwenye meli hakukuwa na foleni?"

"Hakukuwa na foleni," akasema Ilpo. "Nimekuja kwa miguu tu. Kumbe si mbali."

Akapangusa miguu, akavua, akakichukua kitita chake bila kuulizia ni kipi, akaingia. Saimi alikaa barazani, akasikia sauti ya kitita kipya ikiungana na zile nyingine, akalia. Alilia kwa sauti, mdomo wazi, kama wanavyolia wanawake walio peke yao. Haikuwa ajabu iliyomliza. Ajabu hakuiona. Alilia kwa kuwa mtoto wake amekufa, na kwa kuwa, Mungu amsamehe, sehemu fulani ya moyo wake ilikuwa imefurahi kumwona.

Taavetti alitoka kupunga upepo. Mwili wake haukutoa mvuke kwenye baridi.

"Ni mimi," akamwambia. "Nilikitundika kwenye boriti yenu."

"Usijipe ukubwa, mke wangu. Ni moyo. Alhamisi, kwenye maegesho ya kiwanda, akitafuta funguo za gari."

"Si boriti?"

"Boriti ni mti tu."

Saimi alimtazama sana. Taavetti alikuwa mwongo hodari wa mambo madogo, aliyoyasema ili mkewe apate usingizi, na kifo hakikuwa kimemwondolea tabia hiyo. Hakumuuliza tena.

Mezani Ilpo alikaa kwenye kiti kilicho karibu na jiko. Alikula viazi, akala kondoo, akala vile vikate kimoja baada ya kingine mpaka sinia zima likawa halina ladha. Saimi akaweka mkono juu ya wake. Ulikuwa na baridi kama ndoo ya kisimani, lakini alikuwa ni yeye, hata lile kovu la shoka kwenye kidole gumba.

"Mbona hukuja, mwanangu?"

"Nilikuwa natafuta wakati mzuri, mama."

"Na sasa?"

Ilpo alitazama dirishani. Nje hapakuonekana kitu ila mvua ya theluji ikipiga kioo. Alikuwa mtoto mkweli tangu utotoni, hilo lazima lisemwe. "Kusema kweli, mama, huu si wakati mzuri."

Reeta alicheka mpaka akashikilia meza. "Huyu ni damu yetu kweli? Mfu mzima analalamikia hali ya hewa!"

"Mwache, bibi yake," akasema Saimi. "Kafika leo tu. Mwache ale."

Simu ikalia. Alikuwa Gunilla, akilia, kwa yale maneno machache ya Kifini aliyokuwa nayo. Alisema ameitafuta namba kwenye vitu vya Ilpo tangu Alhamisi. Alisema moyo.

"Najua, mwanangu," akasema Saimi. "Nisamehe kwa kuwa sikukupigia. Yuko hapa, anakula."

Gunilla alipenga kamasi, kisha akasema mazishi yatakuwa Desemba, kanisa likipata nafasi. Lakini Saimi asijisumbue, umri huo na barabara hizo. Afadhali aje Mei kulitazama kaburi. Mei kule kwao ni nzuri sana, maua yote yamefunguka.

Saimi alimshukuru. Desemba ilipofika akaenda, kwa basi na kwa meli, kwenye giza na barafu, na hakumwuliza mtu kama ni majira mazuri.

Lakini hayo yalikuwa ya baadaye; usiku ule wa Novemba mawe ya sauna yalikuwa yanapoa, na marehemu huondoka mawe yakipoa. Saimi alimfunga Ilpo skafu ya Taavetti shingoni, ingawa alijua haimfai kitu.

"Mwakani nitakutengenezea na samaki," akasema.

"Mwakani, mama," akasema Ilpo kwa upole. "Tutaangalia."

Saimi alilisikia lile neno. Alisimama mlangoni akiwatazama mpaka njia ya ziwani ikawa nyeusi tupu, akaingia ndani kuosha vyombo.

Kiangazi kilichofuata alikata matawi, akafunga vitita. Cha Ilpo alikifunga kikubwa kama kile cha mwaka uliopita, akakitundika kwenye boriti ya ndani, na safari hii hakuna aliyemkanya kutoka chini ya ngazi. Vilho alimletea samaki wawili, akamwomba amsalimie kijana. Kwake yeye, alisema, mkewe huja kila mwaka kumkosoa mapazia, na hajawahi kukosa hata mwaka mmoja, ole wake.

Novemba Saimi alisugua mabenchi, akawasha moto, akaloweka vitita vyote isipokuwa kimoja, ambacho alikishika mkononi ili ampe mwenyewe. Magharibi wakatokea kwenye njia ya ziwani. Taavetti. Reeta na fimbo. Wale wa zamani wasiosema. Saimi akatazama nyuma yao, akangoja, akatazama tena. Tope la njiani lilikuwa tulivu.

Taavetti alipangusa miguu yake kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Yuko wapi?" akauliza Saimi.

"Anakusalimu sana."

"Yuko wapi, Taavetti?"

"Anasema Novemba kwa kweli kuna tope." Mumewe aliyatazama mabuti yake ya sufu. "Anataka kuja, hilo nimeliona mwenyewe. Ila anasema nikuulize majira gani ni mazuri."

Reeta, kwa mara ya kwanza tangu Saimi aolewe katika nyumba ile, hakugonga fimbo yake. Mvua ya theluji ilikuwa inaanza. Saimi alikigeuza geuza kitita mkononi.

"Mwambie Septemba," akasema. "Mbu wamekufa, misitu imewaka."

"Mke wa mwanangu," akasema Reeta taratibu, "mlango wetu ni mmoja."

"Najua, mama. Mwambie tu. Na kama Septemba haimfai, mwambie Machi. Machi theluji imekuwa ngumu, hatachafua viatu."

Akakipandisha kitita cha Ilpo darini, akakirudisha kwenye msumari wake kikiwa kikavu vile vile. Kisha akashuka kuongeza kuni, kwa kuwa benchi la juu lilikuwa bado halijashika joto.